Fimbo isikuteleze: mwongozo wa kushika gofu kwenye joto la Pwani

Kila Desemba swali ni lile lile. Mtu ameshuka kutoka Nairobi na familia, amepakia begi la fimbo nyuma ya gari, na asubuhi ya pili yuko uwanjani Nyali, Vipingo au Diani. Kufikia shimo la nne anauliza: "Kaka, mbona huku fimbo inanizunguka mkononi? Kule Limuru kwenye baridi napiga sawa." Anayejifunza Dar, kwenye viwanja vya Lugalo au Gymkhana, huuliza hivyo hivyo mwezi wa pili, ila yeye hana Limuru ya kulinganisha, kwa hiyo anadhani ndivyo gofu ilivyo.

Kinachotokea ni hiki. Hewa ya Pwani imeshashiba maji, hasa kaskazi inapovuma, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la Mombasa linapofika nyuzi 32 na zaidi. Jasho likitoka halina pa kwenda, linabaki juu ya ngozi. Lakini jasho lenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kile unachofanya ukilihisi: unabana. Ukibana, kigasha kinakauka kama mti, uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira, unachelewa kurudi, na mpira unakata kulia. Unaona umekosea kwa sababu fimbo iliteleza, basi mkwaju unaofuata unabana zaidi. Ukifika shimo la tisa mshiko wako si ule uliotoka nao shimo la kwanza.

Kwa hiyo kuna kazi mbili: kuukausha mkono kiasi cha kutosha, na kuhakikisha mara ya 90 unaushika mpini vile vile ulivyoushika mara ya kwanza. Watu wengi hununua vitu vya kazi ya kwanza na kuisahau ya pili.

Nimeandika kwa mtu wa mkono wa kulia. Wa shoto ageuze. Nikisema gripu nina maana ya ule mpira uliovishwa juu ya mpini. Nikisema mshiko, nina maana ya namna mikono inavyokaa juu yake.

Vitu vya kuwa navyo

- Glavu tatu za mkono wa kushoto. Nitaeleza mbele kwa nini si moja.
- Jozi ya glavu za mvua, kama unacheza hadi masika au unatoka jasho la kumwagika. Hizi hazitengenezwi kwa ngozi bali kwa kitambaa chenye manyoya mafupi, na hushika vizuri zaidi zikilowa.
- Taulo mbili: moja ya kulowesha kwa ajili ya mipira na vichwa vya fimbo, nyingine kavu ya mikono na gripu tu.
- Kipande cha leso kuukuu, yaani kanga ya pamba iliyofuliwa mpaka ikalainika. Hakuna taulo ya dukani inayonyonya jasho kuishinda. Leso mpya haifai, bado imejaa wanga, utakuwa unayasukuma maji huku na huko.
- Bendi mbili za jasho za kuvaa kwenye kifundo cha mkono.
- Kikopo cha chakula chenye mfuniko unaokaza, cha kuwekea glavu kavu. Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, na kikopo ni bora hata hivyo kwa sababu glavu hazikunjamani.
- Poda kidogo, au kifuko cha unga wa utomvu wa msonobari ukikipata.
- Sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani.
- Maji ya kunywa ya kutosha, angalau lita moja na nusu kwa mashimo tisa ukitembea kwa miguu.

Dawa za kupuliza viganjani zinazouzwa kwa bei ya kutisha huzihitaji bado. Maliza hatua zote hizi kwanza ndipo uamue.

Hatua kwa hatua

1. Osha gripu usiku wa kuamkia mchezo. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki. Sugua kwa kuzunguka, suuza, kausha kwa taulo, kisha ziache fimbo zimeegemea ukuta ndani ya nyumba hadi asubuhi. Jasho likichanganyika na mafuta ya ngozi na vumbi hutengeneza utando ambao hauonekani kwa macho, nao ndio unaoteleza. Kuna watu wamebadilisha glavu mara nne na hawajawahi kuosha gripu tangu wazinunue.

Usizamishe mpini kwenye ndoo. Juu kabisa ya gripu kuna kitundu, maji yakiingia hapo yatakaa ndani ya chuma na kukitia kutu. Wala usitumie petroli, mafuta ya taa au thina. Vitasafisha kweli, na mpira wa gripu utaanza kunata halafu kumeguka.

2. Kagua hali ya gripu. Pitisha kidole gumba kuanzia juu hadi chini. Ikiwa inang'aa na ni ngumu kama sandali ya zamani, sugua kidogo kwa msasa laini, itapata uhai wa wiki kadhaa. Ikiwa imepasuka, badilisha. Anayecheza kila wiki Pwani abadilishe angalau mara moja kwa mwaka, maana joto na jua huzeesha mpira hata fimbo zikiwa zimelala. Begi lililoachwa kwenye buti ya gari mchana kutwa linapikwa.

Ukibadilisha, uliza gripu zenye nyuzi za pamba ndani ya mpira. Zinakwaruza kidogo mkono usiozoea, lakini zikilowa bado zinashika. Walio na ngozi laini wachukue zenye nyuzi nusu ya juu tu, ambapo mkono wa kushoto wenye glavu unakaa.

3. Paka mafuta mapema, na si kwa viganja. Hapa ndipo watu wa kwetu tunajimaliza. Mafuta ya nazi asubuhi, mafuta ya kuzuia jua getini, dawa ya mbu pembeni ya kichaka, vyote kwa kiganja kile kile kitakachoshika fimbo. Paka nusu saa kabla ya kutoka nyumbani. Uwanjani ukihitaji kurudia, mimina nyuma ya mkono wa kushoto, kisha tumia mgongo wa mkono wa kulia kujipaka. Halafu osha viganja kwa sabuni. Kufuta kwa taulo hakutoi mafuta, kunayatandaza, na sasa taulo nayo imeharibika.

Vua pete pia. Vidole huvimba kwenye joto, na pete iliyokaa vizuri alfajiri itakuwa inakufinya saa tano.

4. Vaa bendi za jasho kabla hujatoka jasho. Jasho jingi unalolihisi kiganjani halikutoka kiganjani. Limeteremka kutoka kwenye kigasha, na limeteremka kwa sababu mikono yako inaelekea chini ukisimama kwenye mpira. Bendi ya kifundo ni boma. Ikilowa chepechepe, ikamue, igeuze.

Kiganja chenyewe, kwa maumbile, hutoka jasho kwa woga kuliko kwa jua. Ndiyo maana unaweza kuwa mkavu kwenye uwanja wa mazoezi halafu ukalowa ghafla shimo la kwanza, makedi wanane, wale wabeba mabegi, wamekaa kwenye benchi wanakuangalia. Hilo halina bendi. Pumua, kausha, piga. Wao wameona mikwaju mibaya kuliko wako.

5. Jenga mshiko ukiwa mkavu, nyumbani. Usijaribu kujifunza hili uwanjani saa sita mchana.

Acha mkono wa kushoto uning'inie ubavuni, umelegea. Ulete mbele hivyo hivyo, ulaze mpini mshazari juu ya vidole: uanzie kwenye kiungo cha kati cha kidole cha shahada, upite hadi chini ya ile nyama nene ya kiganja upande wa kidole cha mwisho. Acha kama sentimita moja ya mpini juu. Sasa jaribu: inua fimbo kwa kidole cha shahada na ile nyama tu, vidole vingine umeviachia. Ikisimama, imekaa mahali pake. Ikianguka, umeishika kiganjani.

Funga vidole. Gumba likae kulia kidogo ya katikati. Ukitazama chini unapaswa kuona vifundo viwili vya vidole, au viwili na nusu. Kisha leta mkono wa kulia, mpini ukae kwenye vidole viwili vya kati, na bonde la kiganja lifunike gumba la kushoto. Mfereji kati ya gumba na shahada wa kila mkono uelekee sehemu iliyo kati ya kidevu na bega la kulia.

Kuhusu kuunganisha mikono, kuna namna tatu. Ya kupandisha kidole cha mwisho cha kulia juu ya mkono wa kushoto hupewa jina la Harry Vardon, mtu wa Jersey aliyeshinda The Open, shindano kuu la Uingereza, mara 6 kati ya 1896 na 1914. Ya kufumanisha vidole, yaani kidole cha mwisho cha kulia na shahada ya kushoto, ndiyo ya mabingwa wa Marekani Jack Nicklaus na Tiger Woods. Ya tatu ni vidole kumi vyote kwenye mpini. Kwenye unyevu napendelea kufumanisha, mikono haiachani hata ikilowa, lakini chagua moja na ubaki nayo. Kubadilisha katikati ya mchezo kwa sababu shimo la tano lilikwenda vibaya ni kujitafutia shimo la sita baya zaidi.

Weka mshiko, uvunje, uweke tena. Mara 20 kila jioni, kwenye baraza, bila kupiga chochote. Siku ya tatu lowesha mikono kwenye bomba, ifute kama utakavyoifuta uwanjani, kisha rudia mara 20. Mkono lazima uijue njia hata ukiwa na majimaji.

6. Pima nguvu ya kushika. Ugali husongwa kwa kuubana mwiko. Mchuzi huchotwa kwa upawa umeshikwa kiasi tu, usidondoke, na kifundo kiko huru kugeuka. Gofu ni upawa. Katika mizani ya 1 hadi 10, kaa kwenye 4.

Nguvu hiyo itoke kwenye vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto na viwili vya kati vya kulia. Magumba na shahada vikae tu, visifinye. Ndivyo vinavyokaza kigasha. Mwambie mwenzako avute kichwa cha fimbo polepole: anapaswa kuhisi fimbo inakataa kutoka, na wewe usihisi bega limeinuka.

7. Uwe na mpangilio mmoja kabla ya kila mkwaju. Kama utafuata hatua moja tu kati ya hizi, iwe hii.

Wanaoanza hushika fimbo kwanza, ndipo wanafikiri. Wanasimama nyuma ya mpira wameifumbata dreva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe, wanatazama upepo, wanaulizana umbali, na muda wote huo kiganja kinachemka ndani ya glavu. Geuza mpangilio:

Amua fimbo na pa kulenga mikono ikiwa mitupu, begi likiwa la kedi au chini. Futa kutoka juu kwenda chini, kigasha kwanza, kisha kifundo, kiganja mwisho. Ukianza na kiganja, jasho la juu litateremka sekunde ile ile. Futa gripu mara moja kwa leso kavu. Weka mshiko, tazama shabaha mara moja au mbili, piga.

Ukisita, mtu akipiga kelele au upepo ukibadilika, usibaki umeshika. Achia kabisa, rudi kwenye kufuta. Sheria za gofu zinapendekeza usizidishe sekunde 40 tangu zamu yako ilipofika, na mpangilio huu ukiuzoea unachukua nusu ya muda huo.

8. Zungusha glavu. Ivue baada ya kila mkwaju, au walau ukiwa unatembea. Iandike namba kwa kalamu ndani ya kifundo: 1, 2, 3. Ya kwanza ifanye kazi mashimo mawili au matatu, kisha ining'inize nje ya begi ikiwa imekunjuliwa, upande wa kivuli, na uvae ya pili iliyokaa kwenye kikopo. Ukirudi kwa ya kwanza itakuwa imepata nafuu. Usiitie mfuko wa nyuma wa suruali. Umekwenda kuichemsha upya.

Glavu ya ngozi inunuliwe ikiwa imebana kidogo, kwa sababu unyevu utaitanua. Ikiwa siku ya kwanza inakutosha kwa raha, siku ya nne itakuwa soksi.

9. Baada ya mchezo. Nyoosha glavu kwa mkono, vidole kimoja kimoja, uilaze kivulini penye upepo. Usiianike juani wala juu ya dashibodi, itakauka kama ngozi ya ngoma. Futa gripu zote kabla begi halijaingia kwenye gari. Taulo ya mikono ifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, dawa hiyo huacha utando na taulo haitanyonya tena.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kujifuta uso kwa glavu. Uso una mafuta na jasho jingi, na umeyahamishia mahali pabaya kabisa.

Kulaza fimbo kwenye nyasi alfajiri. Watu hutoka saa kumi na mbili na nusu wakikimbia jua, na wanafanya vyema, ila umande uko tele saa hizo na gripu inaokotwa imelowa. Ukiwa na fimbo mbili karibu na grini, yaani nyasi fupi zenye shimo, laza moja juu ya taulo, au iegemeze.

Kumwaga poda. Kidogo inakausha; nyingi inageuka uji. Paka, piga makofi mawili, pangusa. Na isifike kwenye uso wa fimbo: sheria inaruhusu vitu vya kukausha mikono na gripu, hata kuzungushia taulo au leso kwenye mpini, lakini kupaka kitu kwenye kichwa cha fimbo ili kubadilisha kinavyofanya kazi na kisha kuipigia kunakutoa mashindanoni.

Na jingine si la kuchekesha. Ukihisi gripu imelowa kabisa, usipige dreva kwa nguvu zote eti utashika tu. Fimbo huruka. Angalia nani yuko mbele na pembeni, kisha kausha au chukua aironi fupi, fimbo ya chuma ya karibu, upige kwa nusu ya nguvu.

Bado kuna shida?

*Fimbo inageuka unapogonga mpira tu, kabla ya hapo iko imara.* Mara nyingi si mshiko, ni kwamba unagonga kwa ncha au kisigino cha uso wa fimbo. Paka chaki au poda kidogo usoni, mazoezini tu, uone alama ya mpira iko wapi. Ikiwa katikati na bado inageuka, rudi hatua ya 1 na ya 6.

*Glavu inatoboka chini ya kiganja, kwenye ile nyama nene.* Mpini unasugua hapo kwa sababu umeushika kiganjani badala ya vidoleni. Rudia jaribio la hatua ya 5. Ukirekebisha, glavu zitadumu mara mbili.

*Mwanzo napiga sawa, kuanzia shimo la 12 kila kitu kinakwenda kulia.* Umechoka na umeanza kubana bila kujua. Kunywa maji, badilisha glavu, na kwenye mashimo matatu yanayofuata chukua fimbo inayopeleka mpira mbali zaidi kwa hatua moja upige polepole.

*Mkono wa kulia, usio na glavu, ndio unaoteleza.* Vaa glavu mbili. Hakuna aibu: Tommy Gainey wa Marekani hucheza na mbili siku zote, na alishinda shindano la PGA Tour, ligi kuu ya gofu ya Marekani, mwaka 2012 akiwa hivyo. Ukiona glavu zote ni usumbufu, Mmarekani mwingine, Fred Couples, alishinda shindano kubwa la Masters la 1992 bila hata moja. Ila ukienda njia ya Couples Pwani, uwe na gripu za nyuzi na leso mbili.

*Viganja vyangu hutoka jasho hata nimekaa kwenye kivuli.* Jaribu kizuia jasho cha kawaida cha kwapa, kipakwe viganjani usiku kabla ya kulala, mkono ukiwa mkavu, uoshe asubuhi. Kisipofaa kwa wiki kadhaa, na jasho linakusumbua hata kushika kalamu, mwone daktari. Hilo lina jina na lina tiba.

*Mvua imetukuta katikati ya mchezo.* Vaa glavu za mvua, zote mbili, na zilowe kabisa, maana zikiwa na unyevu nusu ndipo zinapokuwa mbaya. Taulo kavu ning'iniza ndani ya mwavuli, kwenye mbavu zake, si kwenye begi. Ukisikia radi, mwavuli, fimbo na hesabu za mikwaju viache, kimbilia jengoni.